Umeuza Nini? Maneno kwa Wanaotunga, Wanaoimba na Wanaoandika Dodoma

Hotuba iliyotolewa jijini Dodoma mbele ya wanakwaya, waandishi, wapiga picha na wanafunzi wa sanaa. Imeandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa. Salamu za itifaki zimefupishwa.

Mbukwenyi!

(Ukumbi: Mbukwa!)

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu mliofika kutoka Chamwino na Bahi, walimu wa kwaya, vijana wangu wa chuo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Ratiba inasema nina dakika arobaini, lakini mshereheshaji ameshaninong'oneza kwamba chakula kimefika, kwa hiyo historia ndefu ya sheria nitairuka. Anayeitaka anifuate baadaye.

Naanza na karatasi. Nimekuja nayo, majina nimeyafuta kwa wino mweusi. Ni mkataba kati ya kwaya moja ya mkoa huu na studio iliyowarekodi, ukurasa mmoja tu. Nawasomea kipande cha katikati:

"Kwaya italipa gharama za kurekodi nyimbo nane. Baada ya kurekodi, kazi zote zitakuwa mali ya studio, na studio itakuwa na haki zote popote na bila kikomo. Kwaya itapewa nakala kwa matumizi yake."

Chini kuna sahihi ya mwenyekiti wa kwaya, sahihi ya mwenye studio, na muhuri. Muhuri wenyewe mzuri sana, wa zambarau. (Kicheko.)

Tusome tena taratibu. Nani amelipa? Kwaya. Akina mama wale walichanga, wakauza karanga, wakafanya harambee baada ya ibada, wakapeleka fedha studio. Nani amepata nyimbo? Studio. Yaani watu wametoa fedha zao ili wapate nafasi ya kutoa na nyimbo zao. Baada ya muda kijana mmoja wa kwaya akafungua chaneli ya YouTube, akapandisha wimbo ule unaopendwa kwenye harusi. Haukukaa. Ukaja ujumbe kwamba maudhui hayo yana mwenyewe, na mwenyewe si wao. Wakaja ofisini kwangu, wakabanana kwenye benchi, na neno lao lilikuwa moja: wakili, tumeibiwa.

Nikawaambia, mama zangu, kwa karatasi hii hamkuibiwa. Mlitoa.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Kwenye mikutano yetu tunapenda sana kuzungumzia wezi wa kazi za sanaa. Wezi wapo, na nitawafikia. Lakini wengi wanaonijia ofisini hawakunyang'anywa na mtu. Walikaa mezani, wakanywa soda, wakasaini, na hawakujua wanachouza.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, ambayo sasa ni Sura ya 218. Kabla yake tulikuwa na ya mwaka 1966. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA. Huku Bara ofisi ni COSOTA. Wengi wenu mmeizoea kama Chama cha Hakimiliki. Tangu mabadiliko ya mwaka 2022 ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na tofauti hiyo ina maana yake kwenye mifuko yenu. Nitairudia nikifika kwenye mirabaha, yaani malipo ya mwenye kazi pale kazi yake inapotumika.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: haki inaanza lini? Watu hudhani inaanza siku ya kusajili. Hapana. Inaanza pale kazi inapozaliwa. Ubeti umeandikwa, wimbo umetungwa, picha imepigwa, kinyago kimechongwa, programu ya kompyuta imeandikwa: umeshalindwa. Vijana wa TEHAMA msidhani mkutano huu hauwahusu, programu zenu sheria inazihesabu pamoja na maandishi. Na sheria haiulizi kama kazi ni nzuri. Wimbo mbovu nao unalindwa, tena wakati mwingine nadhani unalindwa kupita kiasi. (Kicheko.)

Na ulinzi huo hauishii Manyoni wala Namanga. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994. Wimbo uliotungwa Mvumi leo asubuhi, Mfaransa akiutaka kwa tangazo lake la biashara anapaswa kuomba ruhusa kama vile umetungwa Paris. Hakuna fomu ya kujaza huko.

Kwa nini basi usajili COSOTA? Kwa ajili ya ushahidi. Siku mnafika mbele ya hakimu, kila mmoja anasema wimbo ni wake, na hakimu hakuwepo mlipokuwa mnatunga. Cheti cha usajili kinasaidia. Daftari lenye mistari iliyokatwakatwa linasaidia pia, kwa sababu mwizi huwa ana nakala safi tu, hana rasimu. Ile sauti uliyojirekodi kwenye simu usiku, unakohoa katikati ya ubeti wa pili, usiifute. Mimi nimewahi kumwona mtu akipumua vizuri mbele ya wakili wa upande wa pili kwa sababu tu ya ujumbe wa sauti aliomtumia dada yake WhatsApp, tarehe na saa vikiwa vinaonekana.

Lakini hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Sheria hailindi wazo. Kijana anakuja amekasirika: nilimweleza fulani nataka kutengeneza filamu ya msichana wa Kigogo anayekwenda mjini kuwa mbunge, naye ameitengeneza. Namuuliza, ulikuwa umeandika? Hapana, nilimweleza tu. Basi, kijana wangu, pole. Msichana anayekwenda mjini kuwa mbunge hana mwenyewe. Dodoma hii kila mtu anayo hadithi hiyo. Kinacholindwa ni namna ulivyoisimulia: maneno yako, mpangilio wako, watu wako na wanavyosema. Vilevile hailindwi mbinu, wala kanuni ya hesabu, wala habari ya siku kama habari tu. Kwa hiyo kama una wazo kubwa, andika kwanza, kisha ndipo uongee. Na ukilazimika kuongea kabla ya kuandika, mwenzako asaini kwanza kwamba atatunza siri; hiyo ni sheria ya mikataba, siyo hakimiliki, ila inafanya kazi.

Turudi kwenye karatasi yetu. Inasema "haki zote". Haki zote ni zipi?

Watu wanafikiri hakimiliki ni kitu kimoja, unacho au huna. Kumbe ni haki nyingi zilizokaa pamoja: haki ya kunakili, ya kusambaza, ya kutafsiri, ya kugeuza hadithi kuwa mchezo au filamu, ya kuimba hadharani, ya kurusha redioni na kwenye televisheni, ya kuweka mtandaoni. Kila moja inaweza kuuzwa au kukodishwa peke yake, kwa muda wake, kwa eneo lake. Mwenye nyumba kule Ng'ong'ona anayempangisha mwanafunzi chumba hampi na hati ya kiwanja. Anampa chumba, kwa mwaka, kwa bei waliyokubaliana, na choo wanajua ni cha nani. Lakini msanii yuleyule mwenye nyumba Ng'ong'ona akifika studio anatoa hati ya kiwanja kwa bei ya chumba. (Makofi.)

Ukiacha hizo za kiuchumi, kuna haki za kimaadili: jina lako litajwe, na kazi yako isikatwekatwe au kupotoshwa kwa namna ya kukuvunjia heshima. Hizi ukiwa hai huziuzi. Hata ukiuza kila kitu kingine, wewe utabaki kuwa mtunzi. Nasisitiza kwa sababu kuna tabia imezuka: mtu analipa mwandishi amwandikie wimbo, kisha anaweka jina lake kama mtunzi, na kwenye mahojiano anasimulia alivyoutunga akiwa kwenye maumivu ya mapenzi. (Kicheko.) Maumivu ni yake, utunzi si wake.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwa ile kwaya, kwa sababu hakikuwa kama walivyotegemea, wala kama studio ilivyotegemea. Niliwauliza swali moja: hizi nyimbo nane nani alitunga? Wakatazamana. Mwalimu. Mwalimu gani? Mwalimu wetu wa zamani, alihamia parokia nyingine. Sahihi yake iko wapi? Haipo.

Haipo! Mkataba umesainiwa na mwenyekiti. Mwenyekiti hakutunga hata noti moja, kazi yake ni kusimamia michango na kufungua mkutano kwa sala. Sheria inasema mwenye haki wa kwanza ni mtunzi, na haki ikihamishwa lazima iwe kwa maandishi na sahihi ya mwenye haki. Mwenyekiti hawezi kutoa kisicho chake, hata akiwa na muhuri wa zambarau. Kwa hiyo nyimbo, yaani maneno na sauti zilizotungwa, hazikwenda studio siku ile. Kilichobaki studio ni ile sauti iliyorekodiwa. Hapo ndipo neno hakishiriki linapoingia: aliyerekodi ana haki yake kwenye rekodi, walioimba wana haki yao kwenye uimbaji wao, na kituo cha redio kina haki kwenye matangazo yake. Ndani ya wimbo mmoja unaousikia kwenye bajaji kunaweza kuwa na wenye haki watatu, wanne. Na yule prodyuza aliyetengeneza biti kwa ubunifu wake naye yumo.

Tukakaa na studio. Mwenye studio ni mtu mstaarabu tu, mkataba ule aliunakili kwa mwenzake wa Dar es Salaam na yeye mwenyewe hakuwahi kuusoma vizuri. Tukaandika upya: rekodi zitumiwe na pande zote mbili, mapato ya mtandaoni yagawanywe, jina la mtunzi liandikwe kila mahali.

Halafu tatizo likahamia ndani ya kwaya. Mwalimu akasema, kumbe nyimbo ni zangu? Naomba msiziimbe tena. (Kicheko.) Msicheke, lilikuwa jambo la machozi. Kwaya inasema tulikununulia kinanda, tulikulipia nauli, nyimbo ulizitungia kwetu. Mwalimu anasema sikuajiriwa, nilijitolea. Na kwa sheria yuko sahihi. Angekuwa mwajiriwa, kazi aliyoitunga kazini kwa kawaida haki zake za kiuchumi zingekwenda kwa mwajiri, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Lakini aliyejitolea bila maandishi amebaki na mali yake. Tukahitaji vikao na mzee wa kanisa kuwapatanisha. Kwaya ngapi humu ndani zina makubaliano ya maandishi na mwalimu wao? Nyosheni mikono.

(Mikono miwili.)

Basi tunalo la kufanya jioni hii.

Nije kwenye jambo ambalo hapa Dodoma hatuwezi kulikwepa. Sisi tumekaa juu ya muziki ambao dunia inaufuata. Zeze, ilimba, filimbi, akina mama na ngoma zao za muheme, sauti zile zinazopishana na kukutana. Watafiti wanakuja Chamwino na vinasa sauti tangu kabla sijazaliwa. Muziki huu ni wa nani?

Tuanze na mtu mmoja: mzee Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma, aliyefundisha Bagamoyo na kuupeleka muziki wa Cigogo hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Alifariki Desemba 2003. Sheria yetu inalinda kazi wakati wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo tungo alizotunga yeye zinalindwa hadi mwaka 2053, na haki hiyo ni ya warithi wake. Zile sauti alizorekodiwa nje zina mikataba yake huko huko. Lakini namna ilimba inavyopangwa, au mdundo wa muheme, hivyo hakuvitunga yeye wala hakuwahi kusema kavitunga. Alivikuta kwa wazee wake. Hivyo ni sanaa za jadi.

Na sheria ya 1999 haikuziacha sanaa za jadi hivi hivi. Ina sehemu yake inayosema anayetaka kuzitumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya asili, aombe kibali kwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Harusi ya Mgogo pale Bahi haiombi kibali kwa mtu. Kampuni inayotaka ngoma ya Bahi kwenye tangazo la simu inaomba.

Mimi nina mashaka yangu hapa, na nitayasema mbele ya mgeni rasmi. Kibali kinatolewa na Baraza, na Baraza ni la taifa. Bibi aliyeimba yuko kijijini. Sheria imetambua kwamba ngoma ina wenyewe, ila njia ya fedha kutoka kwenye tangazo hadi kwa kikundi cha akina mama ni ndefu na ina kona. Ningependa kuona vikundi vya ngoma vya vijiji vinajiandikisha kama vikundi, vina katiba na akaunti ya benki, ili kampuni ikija iwe na mtu wa kusaini naye moja kwa moja malipo ya onyesho na ya kurekodiwa. Kwa maana hata kama mdundo ni wa jadi, uimbaji wao wa siku ile ni wao, ni hakishiriki yao. Usikubali kurekodiwa eti kwa sababu "ni utamaduni tu".

Na ninyi wa studio mnaochukua wimbo wa bibi mkauweka gitaa na biti: ule upangaji mpya ni wenu, sheria inaulinda. Wimbo wa chini yake haujawa wenu. Andikeni "wimbo wa jadi wa Wagogo, umepangwa na fulani". Maneno machache, na yanaepusha aibu. (Makofi.)

Mtu mmoja aliniuliza mlangoni kuhusu michoro ya mapangoni ya Kolo, kule Kondoa. Hiyo inalindwa kama mali ya kale na ni Urithi wa Dunia tangu 2006, ila hakimiliki haimo. Aliyechora hayupo wa kudai.

Sasa wezi. Nenda stationari yoyote inayozunguka chuo. Dirishani utakuta vitabu vizima vimetolewa kopi, vimewekwa kava la plastiki na spairo, vinauzwa. Na nani aliyeacha nakala mama pale? Mara nyingi ni mhadhiri mwenyewe: "Nendeni pale kwa fulani mkatoe kopi." Mhadhiri huyohuyo ana kitabu chake, na siku akikikuta kwenye dirisha la jirani ananipigia simu.

Sheria haimzuii mwanafunzi kusoma. Kunakili kipande kwa matumizi yako binafsi, kunukuu kwa kiasi kinachofaa ukitaja chanzo, mwalimu kutolea mfano darasani, hayo yameruhusiwa. Kupanga kitabu kizima nakala hamsini dirishani na kuweka bei, hiyo imeshakuwa biashara ya uchapishaji, ila isiyomlipa mwandishi. PDF inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ni hivyo hivyo, hata kama hakuna aliyelipwa. Lakini na wachapishaji wasikie: kitabu kinapopatikana duka moja Dar es Salaam, kwa bei ya posho ya wiki nzima ya mwanafunzi, mmemwachia stationari soko lote. Uzeni sura moja moja, uzeni kwa simu. Mtu wa Dodoma analipa umeme kwa simu, kitabu kitamshinda nini?

Kuna na hizi filamu zilizotafsiriwa. Kijana anachukua filamu ya nje, anaweka sauti yake juu, anachekesha, anaeleza, vibanda umiza vinajaa. Kipaji kile nakivulia kofia. Ila kutafsiri ni haki ya mwenye kazi, na kuonyesha hadharani kwa kiingilio ni haki nyingine. Vijana hawa wangepata mtu wa kuwaongoza wakaomba leseni kwa watengenezaji wadogo wa nje, nadhani wangeshangaa jinsi bei ilivyo ya kuongeleka. Sijaona wakijaribu.

Na msidhani hakimiliki ni ukuta usio na mlango. Hapa kwetu Chamwino tuna shule ya wasioona ya Buigiri. Kwa miaka mingi duniani kote, kugeuza kitabu kuwa nukta nundu au kitabu cha kusikiliza kulihitaji ruhusa ya mwenye haki, na barua nyingi za kuomba ruhusa hazikujibiwa. Mwaka 2013 ukasainiwa Mkataba wa Marrakesh, unaotaka nchi wanachama ziruhusu nakala hizo zitengenezwe kwa ajili ya wasioona bila kungoja ruhusa, na zivushwe mpaka kwenda nchi nyingine mwanachama. Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Mwandishi wa humu ndani akisikia kitabu chake kimewekwa nukta nundu Buigiri, asinipigie simu. Afurahi.

Mirabaha. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya hili.

Kila redio, televisheni, hoteli, baa, basi la abiria na ukumbi unaopiga muziki wa watu kwa biashara unapaswa kuwa na leseni na kulipa, na fedha ile igawiwe kwa wenye kazi. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya 1,000, kwa nyimbo zilizopigwa redioni na kwenye televisheni. Piga hesabu ya wastani: haifiki laki tatu kwa mtu. Wapo waliokejeli. Mimi sikukejeli, kwa sababu kabla ya hapo wengi hawakuwahi kupata hata ya vocha. Lakini hesabu ile inaonyesha pia jinsi wengi wanaopiga muziki wasivyolipa.

Baada ya mabadiliko niliyoyataja, kazi ya kukusanya na kugawa inahamia kwa kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha zenye leseni, na COSOTA inabaki kuwa msimamizi wao. Ni sawa, anayekusanya fedha asiwe ndiye anayejikagua. Ila kwako msanii wa Dodoma maana yake ni kwamba lazima ujiunge, na lazima kazi zako ziandikwe kwa majina sahihi. Redio ikipeleka orodha ya nyimbo zilizopigwa na wimbo wako umeandikwa "Kwaya Dodoma Track 3", fedha hiyo haitakujua. Jina la wimbo, jina la mtunzi, jina la kwaya, viandikwe kwa namna moja kila mahali, bila leo "St." kesho "Mtakatifu".

Na mahakama zipo. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu iwalipe wasanii wawili wa bongo fleva zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mlolongo wa rufaa uliofuata tuwaachie mawakili. Ninachotaka mkione ni kwamba haki iliyogombaniwa pale, ya kutumia wimbo kama mwito wa simu, ni moja tu kati ya zile nyingi, na kwenye mikataba mingi ninayoiona inatolewa bure ndani ya maneno mawili, "haki zote".

Kwa hiyo mkifika mezani fanyeni hivi. Maneno "haki zote" yakateni kwa kalamu, palepale, mbele ya mwenyeji wako. Asipokubali ukatie sahihi pembeni, ujue alikuwa anayategemea. Mahali pake andikeni haki ipi hasa: kurekodi? kuuza mtandaoni? kurusha redioni? Kisha andikeni wapi, na kwa miaka mingapi. "Bila kikomo" ni muda mrefu kuliko maisha yako na ya wajukuu zako. Kisha fedha: asilimia ngapi, inalipwa lini, na una haki ya kuona hesabu? Usipoandika haki ya kuona hesabu, asilimia hamsini ya kitu usichokiona ni sifuri. Na mwisho mwandike nini kitatokea kama mwenzako haitumii kazi. Nimeona riwaya zimekaa kabatini kwa mchapishaji miaka kumi, hazichapwi, na mwandishi hawezi kuzipeleka kwingine. Andikeni kwamba isipochapwa ndani ya miaka miwili, haki inarudi nyumbani.

Wapiga picha, kwenu ni fupi. Picha ya harusi uliyoipiga ni kazi yako, lakini uso ni wa bibi harusi. Ukitaka kuitumia kwenye bango lako pale barabarani, mwombe, kwa maandishi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 siku hizi, na kuna mashemeji.

(Kicheko na makofi.)

Mshereheshaji ananitazama. Meza yangu ni ile karibu na mlango wa kushoto, na nitakuwepo mpaka ukumbi ufungwe. Mwenye mkataba mfukoni aulete. Ambao haujasainiwa bado, nitausoma kwanza. Walimu wa kwaya na wenyeviti wao njooni pamoja, nimechapa nakala za mfano wa makubaliano, ni ukurasa mmoja na nusu wa Kiswahili cha kawaida, mtajaza majina na orodha ya nyimbo. Sasa nipeni maswali mawili, matatu kabla ya pilau. Yule mama wa kitenge cha kijani alinyoosha mkono tangu nilipotaja kinanda, tuanze naye.